Jibu: Je, kuhalalisha kutapunguza vifo?

Ndugu, umeuliza kama Marekani ikihalalisha dawa za kulevya, vifo vya kuzidisha dozi vitapungua. Tusichanganye mambo. Ureno haikuhalalisha mwaka 2001. Ilimwondolea mtumiaji mashtaka ya jinai, muuzaji akaendelea kufungwa, na matibabu yakaongezwa. Oregon, jimbo la Marekani, ilijaribu hivyo mwaka 2020, matibabu yakachelewa, na 2024 ikarudi nyuma. Muuaji mkubwa kule Marekani ni fentanili, dawa kali sana ya jamii ya heroini inayochanganywa kwa siri na nyingine: mtu hajui alichouziwa. Naloksoni, dawa ya dharura, humrudishia pumzi aliyezidisha dozi, mradi kuna mwenzake karibu asiyeogopa kuita msaada. Ndiyo maana naunga mkono kutomfunga mtumiaji, ila muuzaji hapana kabisa. Hapa Nairobi methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, inatolewa Hospitali ya Mathari tangu 2014. Kijana wa mtaani kwetu hupanga foleni asubuhi, na siku hizi mama yake analala usingizi.