Sauti Inayopepea: Maswali Yenu Kuhusu Pedali za Vibe

Barua nyingi za safari hii zinahusu pedali za vibe, zile zinazolifanya gitaa la umeme lipepee na kuyumba polepole. Tumechagua sita. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Shikamooni mafundi. Napiga solo kwenye bendi ya kanisa na nina pedali ya feiza (phaser), Phase 90. Rafiki yangu anasema vibe ni feiza ileile, ila bei imepandishwa. Ni kweli? – Msomaji, Morogoro

Marahaba. Rafiki yako amepatia nusu. Uni-Vibe ya kwanza, iliyobuniwa na Fumio Mieda wa Japani na kutengenezwa na kampuni ya Shin-ei mwishoni mwa miaka ya 1960, kimsingi ni feiza ya hatua nne, sawa na Phase 90 iliyotoka 1974. Katika zote mbili sauti ya gitaa hupitishwa kwenye hatua nne zinazosogeza awamu ya wimbi, kisha huchanganywa na sauti isiyoguswa. Pale mawimbi mawili yanapopingana, sauti hutoboka mashimo, na mashimo hayo ndiyo yanayotembea juu na chini.

Tofauti iko kwenye kapasita, vijenzi vidogo vinavyotunza chaji ya umeme. Phase 90 hutumia kapasita nne zenye thamani moja, takriban 0.05 µF, kwa hiyo unapata mashimo mawili yenye kina yanayokwenda pamoja, na sikio husikia ule mvumo wa “fyuuu”. Kwenye Uni-Vibe kapasita hazilingani hata kidogo: 0.015 µF, 0.22 µF, 470 pF na 0.0047 µF. Kila hatua hushughulikia eneo lake, mashimo huwa mapana na mafupi, na badala ya mvumo unasikia noti yenyewe ikipinda na kupwita.

Kitu cha pili ni taa. Katikati ya sakiti kuna balbu ndogo inayowaka na kufifia, imezungukwa na vihisi mwanga vinne, na vyote vimefunikwa kwa kikombe cha bati. Uzi wa balbu hauzimiki mara moja, na kihisi huitikia mwanga haraka lakini hukawia kurudi kinapoingia giza. Ndiyo maana sauti hupanda kwa namna moja na kushuka kwa namna nyingine. Mieda mwenyewe alieleza kwamba alikuwa akiiga matangazo ya redio ya Moscow yalivyopepea angani kabla ya kumfikia. Aliyewahi kusikiliza idhaa za ng’ambo kwenye mawimbi mafupi usiku anaijua sauti hiyo bila kufundishwa.

Ununue? Kama unapiga sauti safi tupu, bila ovadraivu (pedali ya kukwaruza sauti) hata kidogo, baki na feiza yako na ushushe mwendo wake. Vibe huonyesha uwezo wake pale sauti inapokuwa imekwaruzwa kidogo.

Dukani nimekuta za balbu, za LED na za kidijitali. Pesa yangu si nyingi. Nichukue ipi na niijaribuje? – Msomaji, Mombasa

Usinunue neno “balbu”. Zipo pedali za LED zilizotengenezwa kwa akili, ambazo sakiti yake hupinda wimbi la mwendo ili kuiga uvivu wa taa, na zipo za balbu zilizorekebishwa vibaya kiwandani. Za kidijitali nazo si za kudharau: hazina kihisi cha kuchoka, nyingi zina kitufe cha kugongea mwendo, na kwa mtu anayepiga harusi kila Jumamosi hilo ni jambo kubwa.

Jaribio ni hili. Omba ampli iliyo safi, weka pedali upande wa “Chorus” (unaochanganya sauti iliyoguswa na isiyoguswa), nobu ya “Intensity” (kina) robo tatu, mwendo uwe wa chini kabisa. Piga kodi moja ya E na uiache ife yenyewe. Sikiliza mzunguko mmoja mmoja. Vibe nzuri huvimba haraka na kulegea taratibu, au kinyume chake, lakini kupanda na kushuka havifanani. Ukisikia msumeno wa sawasawa, kwenda na kurudi bila tofauti, hiyo ni feiza iliyovaa kanzu ya vibe.

Kisha zima na uwashe mara kadhaa ukiwa unapiga. Sauti ikiwashwa isipungue. Kama inapungua hata nobu ya “Volume” ikiwa mwisho, iache hapo hapo. Mwisho, pandisha mwendo hadi juu. Kwenye za balbu ni kawaida kina kupungua kidogo kwa sababu uzi hauna nafasi ya kupoa. Lakini kikipotea kabisa, marekebisho ya ndani hayako sawa.

Ikiwa imeshatumika na mtu mwingine, angalia pia nobu zinazokwaruza na soketi zinazocheza. Hivyo hutengenezeka kwa pesa kidogo, na muuzaji hapaswi kukuficha.

Nina waa-waa, fazi (fuzz, pedali ya mkwaruzo mzito) ya gerimani aina ya Fuzz Face, ovadraivu na dilei ya mwangwi. Vibe ikae wapi? Nikiiweka mbele fazi inakuwa nyembamba na kali kama nyuki. – Msomaji, Dodoma

Nyuki hao hawatoki kwenye vibe yenyewe, wanatoka kwenye bafa yake, yaani sakiti ya kuimarisha mawimbi inapoingia na kutoka sauti. Fuzz Face ya transista za gerimani (germanium) imezoea kushikwa na pikapu ya gitaa moja kwa moja. Upinzani wa pikapu ni sehemu ya sakiti yake. Ukiiwekea mbele pedali yenye bafa, hata ikiwa imezimwa, fazi hupokea chanzo chenye nguvu kupita kiasi, sauti hupoteza unene, na nobu ya volume ya gitaa haiwezi tena kuisafisha.

Mpangilio wa kuanzia ni huu: gitaa, waa-waa, fazi, ovadraivu, vibe, dilei, ampli. Mpiga gitaa Jimi Hendrix kwenye tamasha la Woodstock, Agosti 1969, alipanga vivyo hivyo: waa-waa, Fuzz Face, Uni-Vibe, kisha Marshall. Vibe ikiwa baada ya mkwaruzo, inapokea sauti yenye mawimbi mengi ya juu, kwa hiyo mashimo yana kitu cha kutoboa na mpepeo unasikika wazi hadi nyuma ya ukumbi.

Lakini jaribu pia kuipeleka kabla ya ovadraivu, si kabla ya fazi. Hapo ovadraivu hubana tofauti za sauti, kupwita kunapungua na kunabaki kama unyevu chini ya noti. Kwa kodi za taratibu tunaupenda mpangilio huu kuliko ule wa kwanza. Kwa solo ndefu, rudisha vibe nyuma.

Ikiwa mkwaruzo wako unatoka kwenye ampli na ampli ina lupu ya efekti (soketi za kuunganisha pedali baada ya mkwaruzo wa ampli), vibe yaweza kukaa humo ukitaka mpepeo mpana. Angalia kiwango cha lupu kwanza. Lupu nyingi za ampli kubwa hutoa mawimbi yenye nguvu kuliko gitaa, na sakiti za mtindo wa zamani hukwaruza zikipewa hayo. Ukisikia mpasuko kwenye noti nzito za chini, toa pedali kwenye lupu.

Waa-waa na fazi ya gerimani zina ugomvi wao wa siku zote. Hiyo ni barua nyingine.

Habari zenu. Vibe yangu inapiga “tik, tik” kufuata mwendo, hata nisipogusa nyuzi. Natumia adapta ya ruta ya 9V niliyoigawa kwa pedali tano. – Msomaji, Nairobi

Salama. Kwanza una bahati kwamba kitu hakijaungua. Adapta nyingi za ruta zina chanya katikati ya plagi, na pedali nyingi za gitaa zinataka hasi katikati. Soma mchoro wa duara ulio kwenye adapta na ule ulio kwenye pedali, vikitofautiana, usiunganishe. Kama adapta yako ni chanya katikati na pedali bado inafanya kazi, ama waya ulishageuzwa na mtu, ama pedali ina kinga.

Hiyo “tik” ni saa ya ndani ya vibe. Kila taa inapowashwa, mkondo huruka ghafla, volti ya adapta hutikisika kidogo, na pedali nyingine zilizo kwenye waya huohuo huukuza mtikisiko huo, hasa fazi na ovadraivu. Fazi ya kawaida haifiki 5 mA, ovadraivu huzunguka 10 mA, lakini vibe ya balbu au ya kidijitali yaweza kutaka 100 mA au zaidi. Kuziweka nyumba moja ni kutafuta kelele.

Ipe vibe adapta yake peke yake, ya volti iliyoandikwa kwenye pedali, si zaidi. Nyingine hutaka 18V, lakini nyingi za 9V hupandisha volti zenyewe ndani, na ukizipa 18V unaziua. Mkondo wa adapta uwe angalau mara moja na nusu ya ule pedali inaotaka. Mkubwa zaidi haudhuru. “Tik” ikiisha, umepata jibu. Ikibaki hata pedali ikiwa pekee kwenye ampli, tatizo liko ndani: mara nyingi kapasita ya kusafisha umeme imechoka, au waya wa taa umepita karibu na waya wa kuingizia sauti. Fundi ausogeze mbali.

Betri si suluhisho. Ya alkalini ya 9V hubeba takriban 500 mAh, na kwa pedali inayokula 100 mA haitafika mwisho wa onyesho refu.

Vibe yangu ya balbu inapitisha sauti vizuri ila haipepei tena. Nimeifungua, fundi anataka kuweka balbu ya dashibodi ya gari. Akubaliwe? – Msomaji, Mwanza

Asikubaliwe kabla hujapima. Balbu ndogo ya dashibodi ya 12V na 1.2W hula 100 mA. Balbu za vibe nyingi ni za mkondo mdogo zaidi, kwa mfano 28V na 40 mA. Ukiweka ya gari, transista inayoiendesha hupata joto kali, na balbu yenyewe yaweza isiwake inavyostahili. Soma namba kwenye balbu ya zamani au kwenye mchoro wa sakiti na utafute inayolingana kwa volti na kwa mkondo.

Kabla ya hapo hakikisha balbu ndiyo mgonjwa. Zima umeme, pima balbu kwa mita upande wa ohm; ikisoma wazi kabisa, uzi umekatika. Ikiwa nzima, pima vihisi mwanga kimoja kimoja, mguu mmoja ukiwa umetolewa kwenye bodi. Gizani kila kimoja kisome mamia ya kilo-ohm au zaidi, na ukimulika kwa tochi ya simu kishuke hadi kilo-ohm chache. Kimoja kisiposhuka, kibadilishe. Mita ikionyesha vyote ni vizima na balbu pia, mtazame transista ya kuendesha taa.

Ukishaweka balbu mpya, kuna trimpoti mbili (nobu ndogo za kurekebishia kwa bisibisi) ndani ya pedali nyingi za aina hii. Weka “Intensity” sifuri na urekebishe ile ya mwanga wa msingi hadi balbu ibaki na wekundu hafifu, si nyeupe. Kisha weka “Intensity” mwisho, mwendo wa chini, na urekebishe ya pili hadi balbu ipande na kushuka bila kukaa muda mrefu juu wala kuzimika kabisa. Rudia zote mbili, maana moja huvuta nyingine.

Usihukumu sauti mpaka kikombe kimerudi na mfuniko umefungwa. Taa ya chumba huingia kwenye vihisi na kufuta mpepeo, na taa za mirija zinazotumia umeme wetu wa 50 Hz humweka mara 100 kwa sekunde; vihisi huziona, na wewe unasikia mngurumo. Mafundi wengi wamebadilisha kapasita nzima kutafuta mngurumo uliokuwa darini.

Kwa rumba na sebene niweke mwendo gani? – Msomaji, Bukavu

Ndugu, hesabu mipwito kwa sekunde 15 kisha zidisha kwa 4. Wimbo wa mapigo 96 kwa dakika unataka mipwito 24 ndani ya sekunde hizo ukitaka mmoja kwa kila pigo, au 12 ukitaka mmoja kwa mapigo mawili. Sisi tungeanza na 12.

Kwenye sebene punguza kina hadi robo, au zima kabisa. Noti zinakwenda haraka kuliko mpepeo, kwa hiyo baadhi zinaangukia kwenye shimo na nyingine juu ya wimbi, na mstari wa solo unasikika kama umekosewa vidole. Kama gitaa ni mawili, vibe ikae kwa anayeshika kodi ndefu, si kwa anayepiga solo. Na upande wa “Vibrato”, ambao hauchanganyi sauti isiyoguswa hata chembe, usiutumie kinanda kinaposhikilia kodi: noti zako zitapinda na msikilizaji atadhani gitaa halijatiwa tuni.