Kuhusu rupia ya tembo aliyoiacha babu yako

Ndugu yangu, hongera sana, kwani kuikuta rupia 15 ya mwaka 1916, sarafu ya dhahabu ya enzi za Wajerumani yenye picha ya tembo, katika kijaluba cha marehemu babu ni bahati ambayo wakusanyaji wengi wa sarafu za kale hawaipati maishani. Umeuliza kama uisafishe kisha uipeleke kwa sonara. Nakusihi usifanye lolote kati ya hayo. Sarafu hizo za dhahabu zilitengenezwa hapahapa Tabora, katika karakana ya reli, Wajerumani walipokuwa wamekatiwa njia ya kuletewa fedha kutoka kwao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na thamani yake kwa wakusanyaji huzidi ile ya dhahabu yenyewe, ambayo ndiyo pekee atakayoipima sonara. Ukiisugua kwa majivu au dawa ya meno, mistari myembamba ya mwili wa tembo itafutika, na haitarudi kamwe. Ishike kwa kingo zake, utazame kama chini ya tembo pana herufi T, yaani Tabora, kisha uipime, kwa kuwa halisi ina takriban gramu 7.2, na za bandia ni nyingi. Akija mnunuzi wa nje, waulize kwanza Makumbusho ya Taifa kuhusu taratibu za kuitoa nchini.