Moyo kupiga si fahamu

Umesema mtoto ana fahamu tangu moyo uanze kupiga. Ndugu yangu, moyo huanza kwenye wiki ya 6 hivi ya mimba, wakati ubongo ndio kwanza unajengeka.

Wataalamu wengi huangalia kitu kingine: habari za machoni, masikioni na kwenye ngozi hupita kwenye thalamasi, katikati ya ubongo, ndipo zifike gamba la juu la ubongo. Nyuzi za neva zinazozibeba hufika huko kuanzia wiki ya 24 hivi. Mateke ya mwanzo kabla ya hapo ni kazi ya uti wa mgongo na shina la ubongo.

Sasa, nyaya kufika nyumbani si umeme kuwaka. Tumboni mtoto hulala karibu muda wote, ingawa sauti anazipata. Mwaka 1980 watafiti DeCasper na Fifer walionyesha kuwa kichanga wa siku chache hunyonya chuchu bandia kwa namna itakayomletea sauti ya mama yake (mama yeyote angewaambia bure). Mwaka 2013 timu ya mtafiti Sid Kouider, Ufaransa, ikaona kwa watoto wa miezi 5 ile alama ya umeme wa ubongo inayotokea mtu mzima anapotambua picha, ila kwao inachelewa.

Mimi mwanzo wa fahamu nauweka miezi ya mwisho ya mimba, na kwa hafifu sana. Ila mtoto akishazaliwa sina ubishi: hadi miaka ya 1980 baadhi ya vichanga walipasuliwa kwa ganzi kidogo mno, eti hawasikii maumivu.