Masikio ya mbwa? Muulizeni sentineli

Wahariri, swali lenu la wiki hii ni hili: "Mbwa wa kulinda parseli, tumkate masikio ao tumwache?" Jibu langu ni hapana, mwacheni. Ningeishia hapo, ila swali lenyewe limenigusa pabaya, kwa sababu limeulizwa kana kwamba kazi yote ni ya mkasi. Mkasi, unaopunguza gamba la sikio ili lisimame, hauchukui hata saa moja. Sikio linasimamishwa na sparadra, ile plasta ya kunata, kwa miezi, na sparadra hiyo haibadilishwi na patroni wala na veterineri. Humu Lubumbashi anayeibadilisha ni sentineli, mlinzi wa parseli, na ni nadra sana sentineli kuulizwa kama kazi hiyo anaiweza au anaitaka.

Tuwaondoe kwanza wasiohusika. Malinois na Berger wa Kijerumani, masikio yao yanasimama yenyewe. Ya mtoto wa Berger hupanda, halafu hushuka tena meno yanapobadilika, kama miezi minne hadi sita, kisha hupanda moja kwa moja. Wapo wanaokimbilia kukata katika wiki hizo za kushuka, na hapo wanaharibu sikio lisilokuwa na kosa. Basenji, mbwa wa kwetu Kongo, ndiye kabisa: masikio yake hayajawahi kuomba msaada wa mtu. Wanaokatwa ni Doberman, Boxer, Dogi wa Kijerumani yule mrefu, Cane Corso na pitbull.

Sababu ya ulinzi haisimami. Saa nane za usiku, SNEL wamekata umeme, mwizi juu ya ukuta haoni masikio, anasikia sauti. Na wanaosema sikio linaloning'inia huoza, wajue kwamba ugonjwa unakaa ndani, kwenye tundu, si kwenye gamba la nje linalokatwa. Cocker, mbwa anayejulikana kwa kuugua masikio, hakatwi. Ujerumani, alikotokea Doberman, imekataza upasuaji huu tangu miaka ya 1980, na mkataba wa Ulaya wa 1987 wa kulinda wanyama wa nyumbani unaukataza pia pale unapofanywa kwa ajili ya sura tu. Marekani bado wanakata, ingawa chama cha maveterineri wao kinaupinga. Kinachobaki ni sura, basi, na mtu akiniambia "napenda sura" namheshimu kuliko anayeniletea habari za kuoza.

Upasuaji wenyewe, ukifanywa vizuri, uko hivi. Mtoto wa mbwa ana wiki 8 hadi 12. Anapimwa uzito siku hiyohiyo kwenye mizani, hakadiriwi kwa macho, maana dawa za usingizi, ketamine na xylazine, hupimwa kwa kilo, na xylazine ikizidi moyo unapiga polepole mno. Chakula anazuiwa kwa muda wa saa nne hivi, si usiku kucha kama mbwa mkubwa, kwa kuwa sukari ya mtoto hushuka haraka akashindwa kuamka. Mstari unachorwa kwanza, sikio moja linakatwa, kisha kipande kilichotoka kinalazwa juu ya sikio la pili ili kiwe kipimo. Damu inazuiwa, ukingo unashonwa, na nyuzi zinatoka baada ya siku 10 hadi 14. Aliyekata mfupi mno anaacha tundu wazi kwa vumbi na maji. Aliyekata mrefu amejiongezea miezi ya sparadra.

Sasa sikilizeni kisa cha Doberman mmoja wa kartiye Golf. Alipitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, akakatwa akiwa na wiki 11 na kilo 8, mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimeanza kushika. Mkono uliomkata ulikuwa mzuri, masikio yalilingana. Yalibandikwa juu ya kikombe cha plastiki kilichofunikwa kichwani, kingo zenye nyuzi zikiwa nje zipate hewa. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu patroni akaenda kazini Kolwezi, wiki mbili. Maagizo aliyoacha kwa sentineli yalikuwa maneno matatu: mbwa asilowe, asijikune.

Asijikune vipi, hakuna aliyesema. Hakuna kola ya kuzuia kujikuna iliyonunuliwa, na kola haihitaji kununuliwa: ndoo ya plastiki ya lita tano, toa kitako, toboa matundu manne, funga kwenye mkanda wa shingo, ukingo upite pua kwa vidole viwili, zungushia kitambaa usimkate. Siku ya tatu mguu wa nyuma ulikisukuma kikombe upande. Sentineli akaongeza sparadra. Siku ya tano usiku mvua ilipiga kwa pembeni, mtoto akalowa. Kufika saa sita mchana sparadra ilikuwa kavu ukiigusa. Lakini sparadra hukauka nje huku pamba ya ndani ikiwa bado mbichi, na pamba mbichi juu ya kidonda chenye nyuzi ni shamba la usaha. Na kwa kuwa kikombe kilikuwa kimelegea, sentineli alichukua bandeji ya kuvutika akazungusha sikio la kushoto kuanzia chini hadi ncha, akivuta, lisitikisike tena. Alifanya hivyo kwa huruma. Bandeji ile, ikivutwa, haiachi kubana hata mtu akiondoka.

Siku ya saba mtoto akaacha bukari, yaani ugali, kichwa kikalala upande wa kushoto. Sentineli alipiga simu, haikushika. Siku ya tisa ikatoka harufu ya panya aliyekufa chini ya kabati. Siku ya kumi alichukua mkasi wa nguo, akafungua mwenyewe. Ncha ya kushoto, vidole viwili, ilikuwa nyeusi na baridi, na nzi walikuwa wameshataga penye nyuzi. Kulia nyuzi tatu zilikuwa zimekata nyama, usaha kidogo. Veterineri aliondoa kilichokufa. Kusawazisha kungedai kukata na la kulia, mwenye mbwa akasema basi. La kulia lenyewe lilisimama wiki tatu, kisha meno yakaanza kubadilika, na hakuna mtu pale nyumbani aliyetaka kugusa sparadra tena. Leo moja ni fupi kama la mbuzi aliyetiwa alama, lingine limelala.

Angeonyeshwa dakika ishirini tu, angejua haya. Sparadra inapita bila kuvutwa, kwa mzunguko unaopanda, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, na kidole kinaingia chini yake. Ncha ya sikio inaachwa wazi siku zote, ili rangi ionekane: ya waridi na joto ni sawa, ya buluu au baridi ni kukata sparadra papo hapo, hata usiku, bila kungoja simu ya mtu. Tundu haliguswi na pamba. Kidonda kinaoshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa. Betadine inapunguzwa kwa maji mpaka ifanane na chai nyepesi. Spiriti hapana. Oili chafu ya gari hapana, ingawa nusu ya mji inaipaka mbwa. Ile desturi ya kufungua kapsuli ya tetra, yaani antibiotiki ya tetracycline, na kumwagia unga kidondani inatengeneza gaga, na usaha unafanya kazi yake chini ya gaga. Akimmezesha mtoto tetra hiyo, meno yanayoota yatatoka ya manjano.

Nyuzi zikitoka na ukingo ukapona, ndipo kijiti cha sifongo kinaingia sikioni kama mhimili na kusimamisha kwenyewe kunaanza. Kovu linavuta ndani linapokauka, kwa hiyo lisiposhikiliwa likinyooka, ukingo unajikunja. Badilisha sparadra kila siku 5 hadi 7, au mara tu ikilowa. Liache lipumzike saa chache. Likianguka, rudisha siku hiyohiyo. Doberman wa mkato mrefu anaweza kuhitaji haya mpaka apite miezi sita.

Kuhusu maumivu, hapa ndipo watu wanaua. Ibuprofen na diclofenac za binadamu zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Meloxicam inafaa, lakini kwa miligramu 0,2 kwa kilo siku ya kwanza na 0,1 siku zinazofuata, pamoja na chakula. Mtoto wa kilo 8, baada ya siku ya kwanza, anapata 0,8 kwa siku. Kidonge cha farmasi cha 7,5 ni zaidi ya mara tisa ya dozi hiyo, na kukigawanya kwa kisu ni kubahatisha. Ombeni ya maji, yenye sindano ya kupimia. Akitapika au akinya cheusi, acheni.

Nimeandika mpaka hapa na hapana yangu imeanza kulegea, na siipendi inavyolegea. Mwenye Doberman akiambiwa hapana na veterineri, mara nyingi hamwachi mbwa. Anatafuta kijana mwenye wembe na uzi wa cherehani, mbwa anashikwa na watu wawili, bila usingizi. Mji wenye kitivo cha tiba ya wanyama cha UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, hauna kisingizio cha wembe. Kwa hiyo, kwa shingo upande: kuliko wembe, veterineri akate.

Lakini angalieni hesabu. Chanjo ya parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya 6 hadi 8, inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Mtoto anayepelekwa kukatwa kabla ya chanjo ya pili analetwa penye mbwa wagonjwa akiwa hana kinga ya kutosha. Akingojea zote, wiki 12 zimeshapita. Nafasi inayobaki ni wiki mbili au tatu, na chanjo iwe imetoka kwenye frigo isiyozimika umeme ukienda. Kiangazi nzi ni wachache, ila usiku wa mwezi wa sita na wa saba ni baridi, na mtoto aliyetoka kwenye dawa ya usingizi anahitaji chupa ya maji moto iliyofungwa taulo. Mvua zikianza, alale ndani au chini ya chandarua. Akiwa amevuka miezi minne, msikate hata mkilipwa: gegedu limekuwa zito, damu ni nyingi, na kusimama ni bahati nasibu.

Watakaobaki baada ya hesabu hiyo ni wachache sana. Kwao sitasema ndiyo, lakini sitawafungia mlango. Ila siku ya miadi, mleteni na sentineli, asimame pale mezani aione sparadra ya kwanza ikifungwa, na nauli yake ya kurudi ilipwe.