Mtoto anacheza tu shuleni, ada nalipia nini?

Maswali mnayonitumia mwanzo wa mwaka kwa kawaida huwa ya sare na madaftari. Safari hii mengi yamekuja na lalamiko moja: watoto wa chekechea na wa awali wanacheza mno, au hawachezi kabisa. Majina ya wenyewe nimeyaacha, mitaa nimeibakiza.

*Binti yangu ana miaka minne, yuko chekechea hapa mtaani. Anarudi na vumbi na nyimbo. Mtoto wa jirani, umri huohuo, anaandika a e i o u kurasa mbili nzima na anapewa kazi ya nyumbani. Nimhamishe?*
Mama, Makorora

Kwa daftari peke yake, usimhamishe. Daftari la mtoto wa miaka minne lililojaa vokali zilizonyooka mara nyingi ni mwandiko wa mwalimu aliyemshika mkono, na aliyekusudiwa kulisoma ni mzazi mlipa ada.

Vidole vya umri huo bado laini. Vinakazwa na kufinyanga udongo, kuchambua choroko, kufunga vifungo vya shati, na kudaka. Wewe mdako umeucheza, mama? Unarusha jiwe juu, na kabla halijashuka umeshakomba kokoto kutoka kishimoni, kisha unalidaka. Unarusha tena, unazirudisha kokoto ukibakiza moja nje. Ukivuka hapo unabakiza mbili, halafu tatu. Mtoto aliye kwenye tatu akikomba saba, anatakiwa arudishe nne, na jibu hilo alipate jiwe likiwa bado hewani. Hesabu hiyohiyo ukiiandika ubaoni, saba kutoa tatu, wapo wa darasa la kwanza watakaolia. Tena juu ya hesabu kuna kungoja zamu, kuna kukubali kwamba umetoka, kuna kubishana na aliyekuibia kokoto bila kumpiga. Wa miaka minne hatauweza mchezo wote. Ataanza kwa kumhesabia dada yake kokoto, na inamtosha.

Wala serikali haiko upande wa daftari la jirani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima kabla ya darasa la kwanza, na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unataka watoto hao wajifunze kwa michezo, nyimbo na hadithi. Finland mtoto anaingia darasa la kwanza mwaka anaotimiza miaka 7. China, ambako wazazi wanashindana kutushinda sisi, mwaka 2018 wizara ya elimu ilizipiga marufuku chekechea kufundisha masomo ya shule ya msingi.

Ila kuna kucheza, na kuna kutelekezwa. Pita siku moja bila taarifa. Ukikuta watoto wanakimbizana uani na mwalimu yumo humohumo, anauliza, anahesabu nao, anaamua ugomvi, rudi nyumbani utulie. Ukimkuta mlangoni kainamia simu yake, hapo ndipo uhame.

*Mkamwana wangu anakaa sakafuni anacheza na mwanawe vitofali vya plastiki. Sisi hatukucheza na watoto. Walicheza wenyewe, na wamekua, hawa hapa. Nani yuko sawa?*
Bibi, Pangani

Shikamoo bibi. Malezi yako si ya Pangani peke yake. Mtafiti Suzanne Gaskins aliishi na Wamaya wa Yucatán, huko Mexico, akakuta wazazi wanaofikiri kama wewe: mchezo ni shughuli ya watoto, mkubwa hauingilii wala hauongozi. Wadogo huwafuata kaka na dada zao, na wote hutazama kazi za watu wazima na kuzishika mapema. Wanakua vizuri tu.

Sasa nikuulize na mimi. Wanao walikuwa na binamu wangapi uani? Mjukuu wako ana nani? Kama nyumba imefungwa geti na ndani wamo wakubwa wawili, basi huyo mama ndiye binamu aliyepatikana, mwache akae sakafuni. Wewe chukua usiku: vitendawili, hadithi za sungura na fisi. Vitofali vinauzwa dukani, hadithi zako haziuzwi.

*Shule moja huku imeandika Montessori getini, na ada iko juu. Nikiingia naona viti kwa mistari na watoto wanamfuatisha mwalimu ubaoni. Ndiyo yenyewe?*
Baba, Chumbageni

Siyo. Jina hilo mtu yeyote anaweza kulipaka getini. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa maskini wa Roma. Humo wakubwa na wadogo walichanganywa, vifaa viliwekwa mahali mtoto anapofikia, naye akachagua cha kufanya na kukirudia mpaka atosheke. Mwenyewe aliita kazi, wala si mchezo: kumimina maji, kufuta meza, kufunga vifungo. Waulize mwalimu amesomea wapi na rafu za watoto ziko wapi. Kufuta meza hata kwako kupo, tena bure.

*Nina watoto zaidi ya 80 darasa la awali, chumba kimoja, vifaa hakuna. Mtaala unazungumzia kona za kujifunzia, yaani sehemu za darasa zenye vifaa vya kuchezea na kujifunza. Kona gani?*
Mwalimu, Muheza

Pole, mwalimu. Kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na hakuna ufundi wa kona unaoweza kulifuta pengo hilo. Mkuu wa shule na kamati walipate jambo hili kwa maandishi, wasilisikie kwa mdomo tu.

Kuhusu vifaa, watu wa pwani walishatangulia. Miaka ya 1980 ulianza Mombasa mpango wa chekechea za madrasa chini ya Aga Khan Foundation, Bi Swafiya Said akiwa mstari wa mbele, kisha ukafika Zanzibar na Uganda. Hawakungoja kontena la midoli. Walitumia vifuu, vizibo, makopo, mbegu na makuti, na Kurani na nyimbo za kwao zikabaki darasani. Nawe Muheza huna sababu ya kukosa kifaa cha hesabu msimu wa machungwa: yapangwe kwa ukubwa, yahesabiwe, yagawanywe kwa vikundi, yaliwe. Nyuzi za katani zinafaa kusokota na kusuka. Mbegu ndogo wape ukiwa karibu, maana safari ya mbegu ni puani.

Wagawe makundi manne. Moja likae nawe kwa jambo jipya, matatu yafanye yale wanayoyajua tayari: mchanga, vifuu, kuchora chini kwa kijiti. Halafu wazunguke. Kosa la wengi ni kuanzisha kona nne mpya siku moja, kisha kupiga makofi ya kutuliza mpaka kengele. Na mwombe mzazi mmoja wa zamu kila siku, akae na kundi la mchanga.

*Chuoni tunasoma Fröbel, Montessori, Piaget. Wazungu watupu. Kwetu hakuna?*
Mwanachuo wa ualimu, Korogwe

Fröbel msome, lakini msome kama mtu wa kwao. Mjerumani huyo ndiye aliyeipa kindergarten jina lake mwaka 1840, na mipira yake ya sufi na vitofali vya mbao vilitoka mikononi mwa mafundi wa Thuringia kwa ajili ya watoto wa hukohuko.

Ninaowaonea wivu ni New Zealand. Mwaka 1996 walitoa mtaala wao wa watoto wadogo, Te Whāriki, ulioandaliwa na Wamaori Tilly na Tamati Reedy pamoja na Margaret Carr na Helen May. Hauanzi na orodha ya masomo. Una kanuni 4 na nyuzi 5, zikiwemo ustawi wa mtoto, kujiona ni wa mahali hapo, na kuchunguza. Zinapitana kama mkeka, na kila kituo kinasuka wake.

Kwetu mtaala kama huo upo, ila umelala kwenye nyua za watu bila kuandikwa. Mtoto anayetumwa dukani na noti ya elfu mbili anafanya mtihani wa kumbukumbu, adabu na chenji kwa pamoja. Kama unatafuta mada ya utafiti, keti na watoto wa Kidigo, Kibondei au Kisambaa, chukua michezo yao mitano, andika hatua kwa hatua kila mmoja unavyochezwa na mtoto anajua nini anapoumaliza. Ukiupeleka darasani usiutilie alama. Mchezo wenye alama watoto wataufanya mbele yako kwa heshima, halafu wataenda kucheza kwingine.

*Mwanangu ana miaka 6. Asubuhi shule, mchana chuoni kwa Kurani, jioni tuisheni. Akichoka nampa simu aangalie katuni. Na kucheza acheze saa ngapi?*
Baba, Ngamiani

Kwa ratiba hiyo hachezi. Chuo usikiguse: kule ana wenzake, na njia ya kwenda na kurudi ina kombolela yake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataja mapumziko miongoni mwa haki anazodai kwako, sambamba na elimu na malazi, kwa hiyo si hisani. Simu ipunguze. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliweka kikomo cha saa moja kwa siku kwa watoto wa miaka 2 hadi 4, na ikipungua ni bora zaidi. Wako ameuvuka umri huo, lakini mdogo wake anayechungulia begani hajauvuka.

Kilichobaki ni tuisheni. Darasa la kwanza inarudia yaleyale ya asubuhi kwa mtoto aliyekwisha kuchoka. Isimamishe mwezi huu, na pesa yake mnunulie mpira.