Kabla hujang'oa, tazama shina

Kama unaishi Seattle, Kent, Tukwila au popote magharibi mwa jimbo la Washington, na umeanza kujitolea kung'oa magugu kwenye misitu ya mjini, huenda mmea wa kwanza utakaoonyeshwa ni Geranium robertianum. Asili yake ni Ulaya na sehemu za Asia na Afrika Kaskazini. Jimbo limeuweka katika daraja B la magugu hatari, yaani yale yaliyokwisha kuenea sehemu fulani za jimbo na yanayozuiwa yasienee kwingine, na ukiuona ulivyo mdogo unaweza kushangaa kwa nini. Ni kwa sababu hauogopi kivuli. Magugu mengi huishia pembezoni mwa njia, lakini huu huingia hadi chini ya mierezi na kutanda pale pale panapoota mimea midogo ya kiasili.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usilitegemee ua. Ni dogo, la waridi, lenye petali tano, na jamaa zake kadhaa wana ua linalokaribiana nalo. Isitoshe, majira ya baridi utaukuta majani matupu, yametandaa ardhini.

Vaa glavu, chuchumaa, utazame shina. La robertianum lina vinyweleo, mara nyingi ni jekundu, na hukatika upesi kwenye vifundo. Jani limechanika hadi kwenye kikonyo, vipande vitatu hadi vitano, na kila kipande kimechanika tena. Ukiridhika na hayo, ndipo uliponde jani unuse. Harufu ni nzito na ya kukera, ukishaijua hutaisahau.

Vinyweleo nimevitanguliza kwa makusudi. Conium maculatum, ambao nao ni mmea vamizi huku, una majani yaliyochanikachanika na harufu mbaya vilevile, na sumu yake huua. Shina lake halina kinyweleo hata kimoja, na lina madoa ya zambarau. Ukiyaona hayo, usiponde kitu. Mwite kiongozi wa kikundi.

Mmea ninaouhurumia zaidi ni Dicentra formosa. Huu ni wa kiasili, unapenda kivuli kilekile, na kabla haujachanua watu huung'oa bila kujua. Majani yake yana rangi ya kijani iliyoelekea bluu, hayana vinyweleo wala ile harufu nzito, na maua yake hushuka chini yakiwa na umbo la moyo. Huo uache mahali pake.

Mimea mingine inayofanana na robertianum si migumu kuitofautisha. Geranium lucidum ana majani ya mviringo yanayong'aa, yaliyochanika kidogo tu; naye ni mvamizi, mng'oe. Geranium molle hupenda nyasi fupi, ni laini sana kwa manyoya, na kila petali ina pengo nchani. Erodium cicutarium hukaa penye jua na ukavu, na jani lake limepangika kama unyoya.

Jina Geranium peke yake lisikufanye uuchukie mmea. Nyanda za juu za Afrika Mashariki zina Geranium arabicum, na kule ni mwenyeji halali kabisa.

Kung'oa kwenyewe ni kazi nyepesi kwa kuwa mizizi haiendi mbali. Shika chini kabisa, usawa wa udongo, la sivyo shina litakatika na sehemu ya chini itachipua upya. Fanya hivyo majira ya machipuko, kabla matunda hayajakomaa, maana yakikauka hupasuka na kurusha mbegu mita kadhaa. Mmea wenye maua au matunda utie kwenye mfuko wa taka, usiuache juu ya udongo. Mbegu zina nyuzi zinazonata, kwa hiyo kagua soksi, kamba za viatu na manyoya ya mbwa kabla ya kuondoka. Kisha rudi mahali palepale mwaka unaofuata, kwa kuwa mbegu zilizobaki ardhini huendelea kuota.