Fumbo la namba zinazofuatana, na jinsi nilivyoumbuka na Octave

Juzi kwenye grupu la familia binamu yangu katupia fumbo: taja namba nzima nne zinazofuatana, ukizizidisha unapata 3024. Watu wakaanza kubahatisha, mi nikajifanya fundi nikafungua Octave (programu ya kompyuta ya kupiga hesabu, ya bure hiyo, na kwenye MATLAB, programu mwenzake, amri ni zilezile).

Mambo yenyewe mepesi, namba ndogo kabisa iite x, basi x(x+1)(x+2)(x+3) ni 3024, na mabano huna haja ya kuyafungua kwa mkono. Andika p = poly([0 -1 -2 -3]), inakupa 1 6 11 6 0, yaani namba zinazokaa mbele ya x baada ya mabano kufunguliwa, kuanzia x^4, halafu kwenye ile ya mwisho toa 3024, p(end) = p(end) - 3024, kisha roots(p) ikutafutie x. Kwisha.

Sasa hizo alama za kutoa ndo zilizoniponza. Mi niliandika poly([0 1 2 3]), ikaja 9 na -6, nikakimbilia grupuni na "9, 10, 11, 12" kifua mbele, shangazi akashika kalkuleta ya simu akanijibu "11880" na emoji tatu za kucheka. Kumbe poly inataka mizizi, yaani thamani za x zinazofanya jibu liwe 0, ukiipa 1 yenyewe inatengeneza x-1, kwa hiyo 9 yangu ilikuwa namba kubwa kuliko zote, sio ndogo! Ukigeuza alama unapata 6 na -9, na mbili changamano (zenye i, mzizi wa pili wa -1), -1.5 jumlisha au toa 7.33i, hizo si namba nzima, achana nazo. Jibu 6, 7, 8, 9. Na -9 mpaka -6 nayo ni sahihi, ila hakuna aliyeisema.

Kabla hujaposti popote piga 3024^(1/4), inatoka 7.4 na kidogo, namba zako lazima ziizunguke hiyo. Halafu tumia round, ikupe namba nzima iliyo karibu, maana roots inakadiria, kisha hakiki na prod(6:9), inayozidisha 6 mpaka 9. Namba zikiwa nyingi usiiamini kabisa, jaribu roots(poly(1:20)), ambayo ilitakiwa irudishe 1 mpaka 20, uone zile za katikati zinavyorudi na desimali za ajabu.

Shangazi lakini alishamaliza bila kompyuta. Anasema 3024 haiishii na 0 wala 5, kwa hiyo humo hamna 5 wala 10, zinabaki 1 mpaka 4, ndogo mno, 11 mpaka 14, kubwa mno, na 6 mpaka 9, "sasa wewe laptopu ya nini?"